Chujio Lililojifunza kwa Mama

Mama alikuwa ameshazikwa na udongo wa kaburi umeanza kushuka, lakini bado ndiye aliyekuwa akiamua ni barua ipi iingie ofisini na ipi ibaki nje. Nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemweka pale, nikidhani ninafunga tu chujio la barua taka kwenye seva ya barua pepe. Ni kazi ya kawaida. Nimewafungia watu wa shule, wa vyama vya akiba, hata duka la dawa. Kwingine kote huko hakuna aliyewahi kuniambia anaogopa kuingia stoo.

Ofisi yenyewe ni ya maji, ya kanisa, pale Mukuyuni, mwendo mfupi kutoka sokoni. Wanachimba visima na kufunga pampu Makueni na Kitui, mpaka kule Tseikuru ambako mvua ikikosa mifugo ndiyo hutangulia kuanguka. Mama alikuwa katibu wa ofisi hiyo tangu enzi za taipureta. Karatasi zote zilipitia mezani pake, na barua pepe zilipokuja nazo zikapitia kwake, kwenye anwani moja ya ofisi, na mkurugenzi hakuona lolote ambalo mama hakutaka alione. Sukari na presha zilimwondoa upesi sana, kabla hata hatujazoea kusema kwamba anaumwa. Kanisa lilikuja lote kumzika. Kwaya ya akina mama iliimba mpaka sauti zikakauka.

Baada ya mazishi, sanduku la barua la ofisi likafurika. Ndipo watu wakagundua kwamba miaka yote hiyo chujio lilikuwa mama. Wakaingia wajane wa majenerali wenye mali ya kurithisha, wakaingia washindi wa bahati nasibu ambayo hakuna aliyeicheza, wakaingia wauza dawa za nguvu za kiume. Mkurugenzi wetu, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, alifungua mojawapo ya hizo za nguvu mbele ya wageni, na projekta ikaitandaza ukutani kama bango la sinema. Siku hiyo hiyo alinipigia simu Sultan Hamud, ambako nina kibanda cha kutengeneza kompyuta kando ya barabara ya Mombasa.

Aliniuliza mama alikuwa akizifanya nini hizi barua. Nikamwambia alikuwa akizitupa. Akauliza kama ni kila siku. Nikamwambia ni kila siku, kabla yeye hajafika ofisini. Akasema basi nije.

Seva ilikuwa stoo, nyuma ya mabomba na mifuko ya saruji, na mbele yake palikuwa na ukuta. Nikisema ukuta nina maana ya kile kisanduku cheusi kinachoitwa firewall, ambacho makao makuu ya kanisa walikileta, wakakifunga kwa nenosiri lao, wakaondoka nalo. Kisanduku hicho ndicho huamua nini kipite kati ya ofisi na mtandao, na wao waliacha wazi njia ya barua tu. Sasa chujio la kawaida huuliza huko nje: huyu anayetuma anajulikana, au ni mwizi? Ukuta ulikataa maswali hayo yatoke. Nikapiga simu makao makuu. Bwana mmoja mwenye sauti ya usingizi akaniambia niandike ombi lipelekwe kwa kamati, na kamati hukutana inapokutana. Niliandika. Nadhani bado linasubiri.

Kwa hiyo ilibaki njia moja, ya kulifundisha chujio lenyewe kwa kutumia kilichokuwa ndani ya ukuta. Unalipatia rundo la barua nzuri na rundo la barua mbaya. Linajifunza maneno ya hizi na ya zile, majina ya wanaotuma, namna wanavyoanza na wanavyomaliza. Baada ya hapo kila barua mpya inapewa alama, na alama za ubaya zikizidi, barua inawekwa karantini. Haimfikii mtu, wala hairudi ilikotoka. Aliyeituma hukaa kwake akijua imefika.

Mama alikuwa na marundo yote mawili. Alikuwa ameyapanga miaka na miaka, moja akaliita Weka na lingine akaliita Taka, safi kama kabati lake la vikombe vya wageni. Niliketi kwenye kiti chake kuyatazama nikakuta siwezi kwenda haraka. Zile za Weka nilizisoma. Kulikuwa na moja aliyomwandikia muuza mabomba, ikianza na Bwana asifiwe, ikaendelea kusema mabomba mliyotuleta ni mafupi kuliko mlivyoahidi, na Mungu anaona. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, nikajipangusa kwa mkono wa sweta kwa sababu katibu mpya alikuwa anaingia na chai.

Zile za Taka sikuzisoma. Hakuna fundi anayesoma taka. Nilichukua rundo zima nikalimwagia chujio kama lilivyokuwa, nikawasha mashine, nikarudi Sultan Hamud.

Sanduku likatulia. Mkurugenzi alinisifu kwenye maombi ya asubuhi, maana ofisi hiyo haianzi kazi bila maombi. Halafu, pole pole, watu wakaanza kuona tabia ya kitu hicho. Barua ikianza na Bwana asifiwe ilipita moja kwa moja, hata kama aliyeiandika ni tapeli. Mialiko ya semina za hotelini, ambayo mkurugenzi anaipenda na mama alikuwa anaichukia, ikawa haifiki tena. Yule muuza mabomba akapiga simu kulalamika kwamba bei anazotuma hazijibiwi. Kulikuwa na mchungaji mmoja wa kuomba michango kila mara, mama alikuwa akimwita yule wa bakuli, na chujio likamfungia nje siku ya kwanza kabisa.

Barua isipofika, watu wakawa wanasema, "Mama amekataa." Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaisema bila kucheka. Yule mama anayepika chai ofisini akaacha kufagia stoo, akawa anafagia mpaka mlangoni na kuondoka. Katibu mpya, dada wa ukoo wetu ambaye nilikua naye, alikisogeza kile kiti cha mama pembeni akaleta cha plastiki kutoka kwake. Asubuhi moja nikiwepo, mtu fulani aliomba kwa sauti kwamba Bwana azipe roho zote pumziko, na wengine wakaitikia amina haraka haraka, bila kunitazama.

Ningeweza kulirekebisha. Ni suala la kuketi mchana mmoja na kulipunguzia ukali. Sikutaka, na sababu naisema wazi: nilikuwa nimempata mama mahali pa kumtembelea. Nilikuwa nikija Mukuyuni mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Nilisimama stoo nikitazama mistari ikipita kwenye skrini, hii imepokewa, hii imekataliwa, na kabla ya jibu kutoka nilikuwa najiuliza, angesema nini? Nikikisia, chujio linakubaliana nami. Nilikuwa nasikia baridi mgongoni na bado nasimama. Kaburini kwake sikuwahi kukaa muda mrefu hivyo.

Kisha simu ikaja kutoka Tseikuru. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na ilikuwa katikati ya asubuhi. Aliyepiga alikuwa mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya kisima cha huko, na katibu aliiweka simu kwa sauti ya juu ili mkurugenzi asikie. Yule mama hakusalimu kwa muda mrefu. Alisema pampu imekufa. Watu wanachimba mchangani mtoni, mbali, wanapata maji ya chumvi kidogo tu, na mbuzi wameanza kuanguka. Ng'ombe wa watu wamesimama kisimani kwa sababu wamezoea hapo, hawajui pengine pa kwenda.

"Tumeandika na kuandika," alisema. "Mwalimu wetu anawaandikia hiyo imeili kila wiki. Nyinyi mmetuziba masikio ama ni nini?"

Mkurugenzi akaapa kwamba hajaona barua yoyote, na alikuwa anasema kweli. Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo. Niligeuka nikafungua karantini.

Zilikuwepo zote, zimelala moja juu ya nyingine. Zilitoka kwa mtu mmoja, na alama zake zilikuwa za juu kuliko nilizowahi kuona. Hata mwizi wa ng'ambo anayeuza dawa bandia hapati alama kama hizo. Nilisoma jina la aliyetuma mara mbili. Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama kwa baba.

Inabidi nieleze. Babu alikuwa na nyumba mbili, yaani wake wawili. Nyumba ya bibi yangu ilibaki Makueni, na nyumba ya pili ikahamia kaskazini, Tseikuru. Waligombea shamba, na wazee walipochoka na mahakama wakaamua kula kithitu. Kithitu ni kiapo chetu cha Ukambani, na mtu wa kwetu akisikia neno hilo huacha anachokifanya. Mkishakila, basi. Sisi watoto tulifundishwa kwamba chakula chao hatuli na wao hawali chetu, hatusemezani, na kitu chochote kinachotoka mikononi mwao hatukipokei, hata kama ni maji. Atakayevunja, kifo kinaingia nyumbani mwake. Wazee waliokula kiapo wakafa mmoja mmoja, kwa uzee na kwa malaria na kwa mambo ambayo huua watu kila mahali, na kila mara palikuwa na mtu wa kusema taratibu kwamba ni kile kiapo.

Mama alikuwa ameokoka. Alisimama kanisani mara nyingi kutoa ushuhuda kwamba damu ya Yesu imevunja viapo vyote vya mababu. Lakini nilikuwa naye kwenye harusi moja Mwingi ambapo watu wa nyumba ile ya pili ndio waliokuwa wakigawa soda, na ilipofika zamu yetu mama akasema amefunga. Amefunga harusini, mkononi ana sahani ya pilau ya watu wengine. Ndivyo alivyokuwa. Alipokufa, Tseikuru hatukutuma habari. Haikuwa chuki. Ni kwamba hakukuwa na mdomo wa kuipeleka.

Sasa mjomba huyo ni mwalimu mstaafu, na kisima cha kanisa kilipochimbwa huko watu wakamfanya mwandishi wa kamati. Ripoti za pampu zinatakiwa zitumwe ofisini kwa barua pepe, kwa hiyo akawa anaandika kwa simu yake, na barua inafika kwa mama. Mama kila mara anaitia kwenye Taka. Miaka yote. Nami nikaja nikalichukua rundo hilo, nikalipatia chujio, chujio likajifunza. Halikujua babu wala shamba wala kithitu, lakini lilikishika kiapo kile kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake.

Kuitoa barua karantini ni kubonyeza kitufe kimoja. Ukibonyeza, barua inaingia ofisini, na papo hapo chujio linaambiwa kwamba huyu mtu ni mwema, tangu leo apokelewe. Nilimwita katibu, kwa sababu sanduku lile kwa sasa ni lake. Naye ni wa nyumba ya bibi yangu; alitazama jina, akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi hiyo sibonyezi," alisema. "Nina mtoto ananyonya."

Mkurugenzi akaja, akasema mambo haya hayana nguvu juu ya mtu aliyeokoka. Alisema vizuri sana. Akashika kipanya, akasimama nacho kidogo, akakumbuka kuna mtu anapaswa kumpigia simu.

Nikabaki mimi. Nilizisoma mle mle karantini, bila kuzitoa. Za kwanza zilikuwa ripoti za kimwalimu, kwa Kiswahili sanifu kabisa: pampu inatoa hewa, pampu imezimika, tunaomba fundi. Kisha zikawa fupi. Mbuzi wa fulani wamekufa. Watoto hawaji shule, wanatafuta maji. Za mwisho hazikutaja pampu. Moja ilikuwa na maneno mawili tu: "Dada, uko?"

Nilizima skrini kana kwamba kuna mtu ananichungulia begani. Nikaenda kwa mkurugenzi nikamwambia ampeleke fundi wa pampu Tseikuru kesho yake, na nikaomba niende naye, nikisema nataka kuangalia mtandao wa huko. Uongo mtupu. Kitufe sikukibonyeza. Nilijiambia maji yatangulie, mengine tutaona.

Tulitoka asubuhi kwa pikapu ya ofisi, mabomba yakigongana nyuma. Fundi wa pampu ni mtu mzima asiyependa maneno, na mimi siku hiyo sikuwa na maneno, kwa hiyo tulienda vizuri. Tulipita Mwingi, tukapita Kyuso, nchi ikizidi kuwa nyekundu na miti ikizidi kuwa mifupi. Karibu tufike ndipo akaanza kumsema mama. Alisema barabara hii anaijua kwa sababu yake.

"Mama yako alikuwa mtu wa ajabu," alisema. "Kule kwingine nasubiri mpaka watu wapige simu, walie. Huku hapana. Yeye ananiambia tu, pitia Tseikuru, roho yangu haijatulia na hiyo pampu. Nikifika napata imekufa kweli. Mimi nilikuwa najua ni maombi."

Nilimuuliza kama ilitokea mara moja tu. Akasema ilikuwa hivyo miaka yote, na kwamba kule ofisini hata mkurugenzi alikuwa akishangaa.

Nikageuka nikatazama nje. Nilimwona mama wazi kabisa, kwenye kile kiti chake, miwani ikishuka puani. Barua ya kaka yake inaingia. Anaifungua. Anaisoma mpaka mwisho, kila neno, ng'ombe na watoto na mbuzi wa fulani. Halafu anaitia kwenye Taka, kwa sababu mkono wake umekatazwa kupokea kitu kutoka kwa mkono ule. Halafu anainuka, anajifunga leso yake vizuri, anaenda kumtafuta fundi uani. Hajajibu, hajapokea, hajavunja chochote. Na maji yanaenda Tseikuru.

Na mimi jana yake nilikuwa nimefanya vile vile, bila kujua kwamba mtu amepita hapo kabla yangu. Lakini chujio halikuona hayo yote. Liliona tu zile barua zilipoishia. Kusoma hakuachi alama kwenye rundo la taka, wala kuinuka na kwenda uani. Tangu mama afe, lilikuwa limeendelea na ile nusu ya kazi yake ya kutupa, asubuhi na jioni, kwa bidii, na nusu ile nyingine hakuna aliyeifanya. Nilimwomba fundi asimamishe gari nikashuka nikatembea kidogo kando ya barabara, kisha nikarudi.

Kisimani ng'ombe walikuwa wamelizunguka hori tupu, wakilamba saruji. Watu walitusalimu bila maneno mengi. Mjomba nilimjua kabla sijaonyeshwa, maana alikuwa na paji la uso la mama, na ile namna yake ya kusimama akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza redio ya jirani. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Hakuninyooshea mkono, na mimi sikunyoosha wangu. Aliniuliza hali kwa Kikamba, "Wi museo?" kwa upole, akiwa ametazama pikapu, nami nikaitikia kwamba ni mzima, nikitazama pikapu hiyo hiyo.

Fundi alifungua mota, akakuta waya zimeungua na mpira wa pampu umelika. Alifanya kazi jua lote. Maji yalipotoka yalikuwa mekundu kwanza, yakasafika, na sikutaka kuwatazama wale ng'ombe wakinywa kwa sababu nilijua hesabu ya wale ambao hawakuwepo haikuwa ndogo. Kuna mama mmoja aliyekuwa akiwataja waliokufa kwa majina, kwa sauti ya chini, akiwagusa waliobaki mgongoni.

Mjomba alikuja akasimama upande wa pili wa hori. Akaanza kusema, akiyatazama maji, ili asiwe anasema nami.

"Miaka hiyo yote dada hajanijibu," alisema. "Lakini nikiandika, fundi anakuja. Nikawa najua amesoma. Nikawa najua ni mzima. Safari hii nikaandika, fundi hakuja. Nikaandika tena. Fundi hakuja. Hapo ndipo nikajua amekufa."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alisema alijifungia nyumbani kama mtu aliyefiwa, na watu walipomuuliza ni nani amekufa hakumtaja, maana hata jina lake alikuwa amekatazwa. Yale maneno mawili aliyaandika akiwa anajua tayari. Alitaka tu kuyaandika.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Alitaka kujua hizi barua za mwisho zilikuwa zinapokewa na nani.

Ningeweza kuanza na habari za seva. "Ni yeye," nikasema. "Bado alikuwa anazitupa. Lakini hakuwa anaweza kuzisoma tena."

Nikamweleza, nami pia nikiyatazama maji: marundo mawili, ukuta wa makao makuu, mashine iliyofundishwa na mtu aliyekufa. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto anayesoma polepole, bila kunikata. Nilipomaliza alivaa kofia yake.

"Mmemchosha," alisema. "Mwacheni apumzike."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri jinsi ya kukwepa. Ningeweza kumwandikia mjomba mstari mmoja wa ruhusa, apite yeye tu, na mama akabaki pale na mengine yote. Kiufundi ni rahisi. Lakini sikujua wako wangapi. Muuza mabomba, mchungaji wa bakuli, wale watu wa vijijini wenye barua za makosa matupu, ni yupi kati yao ambaye mama alikuwa akimtupa na kisha anainuka kwenda kufanya kitu kwa ajili yake? Hilo alilijua peke yake, na hakuliacha mahali popote. Nilikuwa na sura yake ya hasira peke yake mle stoo, na nilikuwa nimeiita mama.

Siku ya pili yake nikaenda Mukuyuni. Katibu alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, hakuingia wala hakuondoka. Nilifuta yote ambayo chujio lilikuwa limejifunza, ya Weka na ya Taka. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Nilichelewa kujibu, nikilia bila kujificha safari hii, na katibu akaingia hatimaye akanishika bega, na mkono wake ukiwa hapo nikabonyeza ndiyo. Hakuna kilichotokea. Feni ya seva iliendelea kuzunguka kama kawaida.

Kesho yake taka zikamwagika ofisini kama zamani, majenerali na wajane wao na dawa zao. Mkurugenzi alinipigia simu akanung'unika. Katibu alikaa nazo tangu asubuhi, na katikati ya takataka hizo akafungua moja iliyosema kwamba pampu ya Tseikuru inafanya kazi vizuri na mifugo inakunywa, akaisoma yote kabla ya kuangalia imetoka kwa nani, na alipofika mwisho ndipo alipoliona jina la mjomba. Alikuwa ameshaisoma. Hakuwa na namna nyingine, kwa sababu sasa ilimbidi azifungue zote na kuzisoma mpaka mwisho kabla ya kujua ipi ni ya kutupa.